Jambo Kwanza, Kahawa Baadaye: Bi Fakhriya Abdullatif Anatuaga

Leo Jumatano, tarehe 30 Agosti 2006, Bi Fakhriya binti Abdullatif anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kusomesha Kiingereza katika nchi hii. Miaka kumi na miwili ya mwanzo alikuwa Ibra, na kumi na tisa iliyofuata amekuwa nasi hapa Sur, kwenye kituo chetu cha lugha. Ana umri wa miaka sitini na meno yake yote. Kesho ni Alkhamisi, watu wamepumzika, na Jumamosi chumba namba nne alichokuwa akisomeshea kitafunguliwa kuwa stoo ya viti.

Mimi ni Kaltham, karani wa ofisi na msaidizi wake darasani. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu hapa tumetoka Unguja, Pemba au bara, na kwa sababu Bi Fakhriya mwenyewe amesema hataki kuagwa kwa lugha aliyokuwa akilipwa kuisomesha. Wasifu wa Kiarabu umeshaandikwa na ofisi ya mkuu, utasomwa mwanzo. Nimeagizwa mambo mawili: nisizidishe kurasa nne, na niwe mchangamfu. La kurasa nitajitahidi.

Bi Fakhriya alizaliwa Unguja mjini, Kajificheni, mwaka 1946. Alipotimiza miaka mitano baba yake alimshika mkono akampeleka chuoni kusoma Kurani. Mbele yao alitangulia mtumishi na sinia ya bisi ya kugaiwa watoto. Mzee Abdullatif alimkabidhi binti kwa maneno waliyokuwa wakiyasema wazee wote wa siku zile: mwanangu huyu, mwalimu, nyama yako, mifupa yangu. Maana yake mtoto sasa ni wa mwalimu na mzazi hana la kuuliza. Tangu siku hiyo mzee hakukanyaga tena pale chuoni, na hakufanya hivyo kwa dharau. Ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Bi Fakhriya aliihadithia habari hii kwa fahari miaka mingi, na sote tuliokuwa tukimsikiliza tulikuwa na baba wa namna hiyohiyo. Miaka ya karibuni ameacha kuihadithia.

Alifika Oman mwaka 1974 na cheti cha ualimu, magauni manne, na Kiarabu cha kusalia tu. Mwaka uliofuata alipelekwa skuli ya wasichana Ibra. Wanafunzi walimcheka mpaka wakalala juu ya madeski, maana mwalimu alijua kuomba maghfira kwa Kiarabu fasihi lakini hakujua kuomba chaki. Akafanya nao mapatano: kila siku wao wampe neno moja la Kiarabu cha nyumbani, naye awape moja la Kiingereza. Kufika mwisho wa mwaka alikuwa akigombana kwa Kiarabu cha Ibra barabara, na wao walikuwa wakiomba radhi kwa Kiingereza.

Kazi yake kubwa ilianza pale, nje ya skuli. Wasichana walikuwa wakiacha masomo mmoja mmoja, na kwenye daftari la mahudhurio sababu ilikuwa ileile siku zote: hayupo. Bi Fakhriya hakuridhika na neno hilo. Jumatano alipopata ruhusa alikwenda soko la wanawake, akakaa mkekani kati ya wauza kanga na wauza wanja, akanywa kahawa yao vikombe vitatu kama ilivyo ada, ndipo akawauliza akina mama. Wakamwambia yote. Basi halifiki kijijini. Mama kajifungua na hakuna wa kutazama wadogo. Binti kaposwa. Baba kasema amesoma kiasi chake. Aliyaandika yote kwenye daftari la jalada la kijani, kisha akatafuta neno la Kiingereza la kila sababu, kwa kuwa mkaguzi wa siku zile alikuwa mgeni na hakusoma Kiarabu. Mwaka mmoja alirejesha wasichana saba darasani kwa kukaa mkekani tu.

Kutoka soko lile aliondoka na imani moja: ukitaka watu wakuambie la moyoni, kunywa kahawa yao kwanza. Na sokoni imani hiyo ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyemwambia kwamba ofisi ya mwalimu mkuu si soko.

Hapa Sur alihamia mwaka 1987. Mimi nilikuja baadaye kidogo, na kwa kuwa nimezaliwa Tabora, siku ya kwanza nilipompa shikamoo na kumwomba anipe karatasi zake nikampigie taipu, aliitika marahaba, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema Kiswahili changu kizuri sana ila kina vumbi la reli. Tangu siku hiyo kila nikisema neno la bara alikuwa akipangusa meza kwa kitambaa. Nami nikimwambia kwamba Kiswahili chake cha Unguja kimehifadhiwa vizuri, kama achari. Tumeishi hivyo.

Mwaka 1996, mitambo ya gesi ilipokuwa ikijengwa upande wa Qalhat, mji ulijaa wageni, na miongoni mwao familia zinazosema Kihispania, wengine wa Uhispania na wengine wa Amerika ya huko kusini. Baba walikuwa kazini zamu kwa zamu. Mama walibaki na watoto waliotiwa kwenye skuli za binafsi zinazosomesha kwa Kiingereza, na kila wakiitwa skuli walikwenda, wakatabasamu, wakarudi. Bi Fakhriya aliwaona dukani wakiulizana kwa wasiwasi huku wameshika vijikaratasi vya walimu. Akalitoa lile daftari la kijani. Kwa mwaka mmoja akatunga kitabu kidogo cha maneno ya Kiingereza ya kuzungumzia mambo ya elimu, kwa ajili ya watu wa Kihispania, naye Kihispania hakukijua hata salamu.

Alinunua kamusi ya Kihispania Maskati na akaisoma kila siku baada ya alasiri. Alirudi kwangu siku ya pili amejaa furaha, akinionyesha kwamba wale watu ni ndugu zetu na hawana habari. Sukari kwao ni azúcar. Mafuta ni aceite, zeti hiyohiyo ya Kiarabu. Hata mto wa kulalia, almohada, ni mkhadda. Alianza somo lake la kwanza kwa kuweka mezani kopo la sukari, chupa ya mafuta na mto wa kitandani kwake, na wale mama wakacheka wakaacha kuogopa. Yalikuwepo na matatizo ya kuchekesha. Mama mmoja alituambia kwa Kiingereza kwamba mwanawe wa miaka sita anasoma chuo kikuu, kwa kuwa skuli kwao huitwa colegio, naye akasema college. Mimi nilitaka kumsahihisha. Bi Fakhriya akaniambia nimwache kwanza, kwani sisi wenyewe tulikwenda chuoni tuna miaka mitano na hatukuona ajabu.

Sasa nieleze kitabu chenyewe kilivyokuwa, maana habari nzima imo humo. Kilikuwa na masomo kumi na mawili kwa majuma kumi na mawili. Somo la Kwanza lilikuwa salamu. Somo la Pili lilikuwa shukrani na sifa: tunashukuru sana, mnafanya kazi nzuri, binti yangu ana furaha hapa. Yakafuata vyumba vya skuli, ratiba, vitabu, chakula, nguo za skuli, michezo, safari, mitihani. La Kumi na Moja lilikuwa maombi. La Kumi na Mbili, ukurasa wa mwisho kabisa, ndilo lililobeba maneno yaliyotoka kwenye daftari la kijani na mengine mapya: kuonewa, kuachwa nyuma, kurudishwa darasa, kupigwa, utoro, mtoto haelewi, mtoto hasikii, kuna jambo haliko sawa. Niliyapiga taipu mimi kwa mkono wangu na sikuona kasoro yoyote. Nilidhani ndiyo adabu, na sijui nani kati yetu angepanga vingine. Mtu hamwingilii mwenziwe nyumbani na shida mkononi. Husalimu, hukaa, hunywa, huulizwa habari, husema njema hata kama kafiwa, na jambo lililomleta hulitoa akiwa mlangoni anavaa viatu.

Na kila kipindi kilianza kwa kahawa na halwa, dakika ishirini, wakati mwingine thelathini. Kisha ikaja Ramadhani, au likizo, au kituo kikafungwa kwa mitihani. Katika miaka mitatu ya mwanzo tulilifikia Somo la Kumi na Mbili mara moja tu.

Oktoba ya mwaka 1998 alijiunga nasi mama mmoja aitwaye Amparo, mke wa fundi wa kuchomea vyuma. Alikuwa mwembamba, mwandiko wake mdogo kama wa mchwa, na hakukosa hata siku moja. Binti yake Noelia alikuwa na miaka minane. Mara mbili, Oktoba na tena Novemba, Amparo aliinua mkono akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu, akauonyesha kwa kidole, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza lini tutafika pale. Mara zote mbili Bi Fakhriya alimjibu kwa upole kwamba subira, bibi, tutafika, kila kitu na mahali pake. Nilikuwepo. Nilikuwa nikigawa vikombe.

Juma la kwanza la Disemba skuli ya Noelia iliita wazazi. Skuli hiyo siitaji jina. Sisi darasani tulikuwa Somo la Tisa, safari na matembezi. Noelia alikuwa hasikii sikio la kushoto tangu alipougua homa akiwa na miaka mitatu, na mwalimu wake, bila kujua, alimkalisha nyuma kabisa, ukutani, sikio zima likaelekea ukuta. Akiitwa haitiki. Asipoitika hupigwa rula ya vidole. Mama aliyajua yote haya na alitaka jambo moja tu, mtoto abadilishwe kiti.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa watu, mwenyeji wa huku. Akampa tende, akammiminia kahawa, akasubiri anywe, kisha akamwuliza kama ana neno. Amparo aligusa sikio lake. Mwalimu mkuu akaelewa kwamba mama anaahidi kumwonya binti awe msikivu, akamshukuru kwa hilo. Basi Amparo akasema alichokuwa nacho. Alisema tunashukuru sana, mnafanya kazi nzuri, binti yangu ana furaha hapa. Aliyasema bila kosa hata moja, na mwalimu mkuu akausifu ufundishaji wa Kiingereza wa kituo chetu.

Tuliporudi baada ya Iddi kiti cha Amparo kilikuwa kitupu. Jioni moja alikuja mumewe, amekiviringisha kitabu chetu ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka juu ya meza. Alitueleza kwa Kiingereza cha kazini, cha maneno machache, amesimama. Skuli iliandika kwamba mtoto hafundishiki. Mama kamchukua amerudi naye kwao, kwa bibi yake, na yeye atabaki hapa mpaka mkataba uishe. Ndiye aliyetueleza habari ya sikio, ya rula, na ya kikao kile na mwalimu mkuu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. Bi Fakhriya alimmiminia kahawa, kwa mazoea tu, na ile kahawa ikapoa pale pale mezani mpaka mtu akaondoka.

Mwezi Machi ikaja barua. Amparo aliiandika kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wa mchwa. Alisema anashukuru sana. Alisema tulifanya kazi nzuri. Alisema alikuwa na furaha darasani kwetu. Barua nzima ilikuwa Somo la Pili. Bi Fakhriya aliisoma amesimama karibu na mashine ya fotokopi, kisha akanipa, akaniomba nimtafutie kosa. Niliisoma mara tatu, halikuwepo. Ndipo akakaa juu ya boksi la karatasi, mbele yangu, mtu mzima yule ambaye sikuwahi kumwona hata macho yamelowa, akalia. Nilisema pole, nikafunga mlango ili watu wasione.

Tangu siku ile Bi Fakhriya hakuwa yule. Najua wasifu wa mstaafu hauandikwi hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alianza kuchelewa kula, akaacha kunitania kwa wiki nzima, akawa kila akikutana na mzazi humwuliza kwanza mtoto anakaa kiti gani. Aliwahi kuniambia kwamba baba yake alimpa mwalimu nyama akabakisha mifupa, na kwamba yeye amekuwa akiwafundisha wanawake wa watu kutoa vyote viwili na kusema asante. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, na sisi methali hiyo tuliisoma kila siku na bado tukaweka ukurasa wa uchi mwisho.

Mwaka 2000 alikigeuza kitabu juu chini. Nilikichapa upya, safari hii kwa kompyuta, na Somo la Kumi na Mbili likawa la Kwanza. Sentensi ya mwanzo kabisa ya kitabu, kwa Kiingereza na chini yake kwa Kihispania, ikawa: kuna jambo haliko sawa. Salamu zilikwenda ukurasa wa mwisho. Na juu ya jalada la ndani aliandika kanuni moja kwa herufi kubwa, jambo kwanza, kahawa baadaye.

Dele la kahawa lilihamishwa likawekwa dirishani, na hakuna aliyeligusa mpaka kipindi kimalizike. Jamani, tuliteseka. Wanafunzi wawili wa mwanzo waliacha, wakisema darasa limekuwa kavu. Mazoezi yake yalikuwa hivi: mimi nakaa nyuma ya meza nakuwa mwalimu mkuu, natoa halwa, nasisitiza, naapa kwa Mungu, namwuliza mgeni habari za wazee wake, na mwanafunzi hana ruhusa kupokea hata tonge mpaka ameeleza lililomleta, mtoto gani, tatizo gani, anataka nini. Nilijaliwa kipaji kikubwa katika kazi hiyo. Mama mmoja wa Kolombia alinikatalia halwa kwa ukali hata nikaona haya kweli, na siku ya pili alikwenda skuli akafanikiwa kumwondoa mwanawe kwenye darasa alilotiwa kimakosa. Bi Fakhriya alinunua keki siku ile. Tuliila baada ya kipindi.

Mitambo ilipokwisha kujengwa wengi wa wale wageni waliondoka, lakini darasa halikufa. Waliobaki waliendelea kuja, na wakaongezeka wanawake wetu wenyewe, wa Sur na wa Tiwi, wenye watoto kwenye skuli hizohizo. Ilibidi niongeze safu ya Kiarabu mwaka 2004, likawa toleo la tatu. Mimi nilikuwa nikisomesha kipindi kimoja kwa juma peke yangu, kwa kuwa Bi Fakhriya alitaka darasa limpate mrithi kabla hajaondoka. Alisema wazi kwamba hana mtoto wa kuzaa, hana nyumba ya kurithisha, na kwamba kitu pekee anachotaka kukiacha kikiwa hai ni chumba namba nne. Aliniambia mimi, na kila mtu hapa anajua kwamba aliniambia.

Mwaka jana, mwezi Novemba, Bi Wijdan, ambaye wengi mnamjua, alikwenda skuli ya binti yake. Muhula mzima watoto walikuwa hawana mwalimu wa hesabu, wanakaa wanachora. Mwalimu mkuu akamletea kahawa. Wijdan akakifunika kikombe kwa kiganja, akasema kwanza kuna jambo haliko sawa. Alilieleza lote kwa Kiingereza safi, hatua kwa hatua, kama tulivyomfundisha. Bi Fakhriya aliposimuliwa alifunga macho kwa raha.

Mwalimu wa hesabu hakuja. Ilikuja barua. Iliandikwa kwa mkuu wetu, Bwana Marzouq, ikasema kwamba mzazi aliyesomeshwa na kituo hiki amekataa kahawa ya mwalimu mkuu mbele ya walimu wenziwe, na kwamba huu si mwendo wa watu wa hapa. Ikaja na ya pili, kutoka skuli nyingine. Lazima niseme Bwana Marzouq si mtu mbaya. Ni kijana wa Sur, mstaarabu, hutuulizia watoto wetu kwa majina, na wakati mume wangu alipolazwa alituma gari lake. Lakini skuli hizo ndizo zinazotuletea wanafunzi, na kahawa kwake ni kahawa.

Mwezi Juni alituita sote ukumbini, wafanyakazi kumi na wanne. Alizungumza kwa adabu. Akasema Bi Fakhriya anastaafu, kituo kinamthamini, na kwamba pamoja naye darasa la chumba namba nne nalo litapumzika, kwani kitabu chake kinaanza na malalamiko, na watu huanza na heri. Kisha akauliza kama yupo mwenye maoni. Aliuliza kwa dhati, hilo nalishuhudia. Akasubiri. Bi Fakhriya alikuwa amekaa safu ya mbele, mkoba magotini, hakugeuka nyuma.

Wasemao kimya kingi kina mshindo mkuu waje wanionyeshe mshindo wa kimya kile. Kumi na wanne, kila mmoja amekisoma kitabu, wengine wamekifundisha. Mimi nimekichapa mara tatu, herufi kwa herufi. Naijua ile sentensi kwa Kiingereza, kwa Kihispania, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Bwana Marzouq akanitazama, akaniita kwa jina la mwanangu, akaniuliza mimi, Ummu Khalaf, una neno gani, wewe ndiye uliyekuwa naye. Mfanyakazi wa ofisi alikuwa kaingia wakati uleule na sinia. Nilipokea kikombe. Nikasema tunashukuru sana, kituo kinafanya kazi nzuri.

Niliposema hivyo niliona mgongo wa Bi Fakhriya ukishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo au aliyeshindwa kuubeba, sijui. Alifungua mkoba, akatia kitabu ndani, akaufunga. Tukatoka. Nje alinishika bega akaniuliza habari za wanangu. Hajanilaumu mpaka leo. Laiti angenilaumu.

Leo shughuli itakwenda kwa mpango wake. Kahawa itatangulia, kisha halwa, kisha utasomwa wasifu wa Kiarabu, ambao nimeuona, ni mzuri, ni Somo la Pili tokea juu mpaka chini. Kisha nitasoma huu. Sentensi ile nimeiandika hapo juu mara tatu na sasa naiandika ya nne, waziwazi, mimi Kaltham: kuna jambo haliko sawa. Limefungwa darasa lililokuwa na kazi, chumba kinatiwa viti, mtoto wa Wijdan bado hana mwalimu wa hesabu, Noelia popote alipo sasa ni msichana wa miaka kumi na sita, na mrithi aliyechaguliwa alipoulizwa alikunywa kahawa. Lakini nimelisema kwa Kiswahili, lugha ambayo Bwana Marzouq haijui. Atakuwa amekaa safu ya mbele akitabasamu, na nikimaliza atapiga makofi. Kwa hiyo bado sijalisema.

Bi Fakhriya, nenda kapumzike. Mungu akupe afya, akupe majirani wema na jioni zisizo na daftari za kusahihisha, na kila mlango utakaogonga ufunguliwe kabla hujamaliza kubisha. Wenzako wa kituo tunakuombea maisha ya raha na ya heri.

Tunashukuru sana. Umefanya kazi nzuri. Tulikuwa na furaha darasani kwako.